Kitufe Kisichouliza

Leicester, 3 Februari 2003

Dada Hyasinta,

Shikamoo. Huku baridi imekazana mpaka nguo nikianika nje zinasimama zenyewe. Parth yuko kazini, Krina yuko shule, mimi niko jikoni na mama mkwe. Anasukuma chapati, jiko linawaka, madirisha yote yamefungwa, na lile sweta lake la mikono mirefu havui. Nimeshazoea. Barua hii anakuletea jirani yetu anayekuja Dar harusini, maana nina kitu ndani ambacho sitaki kipotee posta.

Akash kanipigia simu. Unamjua mtoto wa baba mdogo akitaka kitu. Anasema studio zote za Mtaa wa Kongo zimeshabadili programu ya kutengenezea picha, sisi tu ndio tumebaki na ile ya zamani aliyoiweka marehemu baba. Anakwenda Dubai kufuata mzigo wake, atatuletea toleo jipya na kompyuta ya kuliendesha, kwa sababu yetu haitaliweza. Anasema kuna kitufe cha kusafisha uso. Unabonyeza mara moja, chunusi, makovu, mabaka, vyote kwisha, kinavitafuta chenyewe. Wewe kazi hiyo unakaa nayo asubuhi nzima mpaka shingo inakuuma. Naomba ukubali, dada. Baba alituachia studio nusu yako nusu yangu, siwezi kuamua peke yangu.

Ndani ya bahasha kuna picha ya Ba, bibi yangu mzaa baba. Ni ile aliyopigwa na baba hapo hapo studio, kisha baba akaipaka rangi kwa mkono. Nataka uikuze niitundike sebuleni na shada la maua, kama tunavyowafanyia wazee wetu waliotangulia. Ila zile nukta za kijani kidevuni, alizochanjwa utotoni kwao Kathiawar, India, uzitoe. Kwa programu mpya itakuwa kazi ndogo tu.

Mama huko Upanga usimwambie. Nitamweleza mwenyewe.

Mdogo wako,
Zarna

*

Kariakoo, 24 Februari 2003

Zarna,

Marahaba. Jibu langu ni hapana. Nimeliandika hapa juu ili usihangaike kulitafuta chini.

Sasa kaa nikusimulie. Akash hakungoja hilo jibu. Kaja Jumatatu na kompyuta yake ya kubeba begani, programu mpya imo ndani, anasema, "Tunaonja tu, dada." Nikamwambia onja, mimi nina mteja. Wakati huo kwenye benchi amekaa Pantaleo, yule muuza vitenge wa Mtaa wa Mchikichi, wa kwetu Newala. Kamleta mama yake kutoka nyumbani, hajawahi kupigwa picha maishani. Mama wa Kimakonde kamili: chale mashavuni, chale za paji la uso, zimeshuka kidevuni mpaka shingoni, zimepangwa mpaka unaona fundi aliyezichora alikuwa na mkono wa kazi. Nikampiga picha nzuri. Akash akaichukua, akabonyeza kitufe chenu.

Mimi nikageuka kumpa mteja mwingine pasipoti zake. Niliporudi, picha imeshatoka kwenye printa, kubwa, iko mkononi mwa yule mama. Uso mtupu. Laini kama sahani. Akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Akapitisha kidole shavuni pake, kisha kwenye karatasi. Akaniuliza kwa lugha yetu, huyu ni nani? Nikasema ni wewe, mama. Akasema, "Mimi nilipochanjwa hizi nililia, shangazi zangu wakanishika miguu, nikavumilia mpaka mwisho nikashangiliwa na kijiji kizima. Nani kakwambia nataka kurudishiwa uso wa kitoto?"

Akash akacheka. Akasema mashine imedhani ni makovu. Nikamwambia achukue mashine yake na dhana zake watoke wote.

Usije ukaniona mshamba, mtoto wewe. Binti wa Bi Zulekha alileta picha yake ya harusi, anataka chunusi zitoke na shingo ing'ae. Nimezitoa, nimeing'arisha, kaondoka anacheka peke yake barabarani. Sura ni yake, kaomba mwenyewe. Hicho kitufe hakijaombwa na hakimuulizi mtu. Kinaamua.

Ba naye sina pa kumuuliza. Kwa hiyo nukta zake hazitoki, si kwa programu mpya wala ya zamani. Mama yako sitamwambia, umeniomba na nimekubali. Lakini wewe nakuuliza: zimekukosea nini?

Na usinipigie simu kunibembeleza. Simu iko mezani, na benchi zima linasikiliza.

Hyasinta

*

Leicester, 20 Machi 2003

Dada Hyasinta,

Sikukuandikia unifundishe bibi yangu. Nimekuandikia habari ya programu ya kompyuta, wewe umenirudishia mahubiri.

Mashine ilikosea kwa mama mmoja. Ungeirekebisha, yakaisha. Badala yake umemfukuza Akash mbele ya wateja, na yeye ni ndugu yangu. Anasema mabibi harusi wanapita mlangoni kwetu wanavuka barabara. Ni kweli au si kweli? Umekalia nusu yako ya duka unatuzuia wote tusipite.

Nakwambia wazi ili usije ukasema sikukwambia. Akash yuko tayari kuninunulia nusu yangu. Akishainunua mtaamua nyinyi wawili, na unamjua. Ataleta watu wake, ataweka mashine zake, na wewe atakutafutia kiti pembeni mpaka uchoke uondoke mwenyewe. Mimi sitaki iwe hivyo. Lakini sitaki pia studio ya baba ife kwa ukaidi. Mwisho wa Aprili nataka jibu lingine, si hili.

Picha ya Ba mpe Akash. Atanifanyia yeye.

Hazijanikosea kitu. Hapa si Upanga, basi.

Zarna

*

Kariakoo, 11 Aprili 2003

Zarna,

Picha nimempa Akash. Bibi ni wako na karatasi ni yako. Mkono tu ndio wangu, na mkono wangu haukufanya.

Unasema utauza. Uza. Hii studio niliingia nikiwa msichana wa kusafisha beseni za dawa, baba yako akanifundisha kila kitu mpaka siku aliyosema mbele yako na mbele ya mama yako kwamba nusu ni ya Hyasinta. Nusu hiyo haina bei ya Akash. Akileta kiti chake, changu kitakuwa palepale kilipo, tutakaa tunatazamana kila siku mpaka mmoja achoke. Mimi sichoki haraka, muulize mama yako.

Mabibi harusi wanavuka barabara, ni kweli. Sitakudanganya. Lakini kuna wanaovuka kuja upande huu pia. Pantaleo kasimulia, na watu wa kusini wakiwa na mzee nyumbani sasa wanamleta hapa.

Na sasa nakushangaza: toleo jipya nalitaka. Mvua imepiga juma zima, Jangwani imejaa maji kama kawaida yake, na watu wananiletea picha zilizolowa. Zamzam, yule anayepika maandazi karibu na daraja, kaleta albamu ya ndoa yake imegandana, uso wa mumewe umeliwa na tope. Mumewe huyo kafariki mwaka jana. Nimekaa na hii programu ya baba yako mpaka imenigomea, inazima katikati ya kazi. Ile ya Akash niliiona inavyoshona picha iliyochanika. Ni nzuri. Sijawahi kusema ni mbaya.

Basi hili ndilo jibu langu lingine ulilolitaka. Programu inunuliwe na studio, si na Akash. Na hakuna uso utakaoguswa humu ndani mpaka mwenyewe aulizwe, na kama hayupo duniani, waulizwe wa nyumbani kwake wote, si mmoja aliyeko mbali. Ukikubali hilo tunanunua kesho. Usipokubali, uza, tuone.

Nikuambie kitu ambacho hukukijua, ulikuwa tumboni bado. Mama yangu alipokuja kunitembelea mara ya kwanza, alikaa kwenye lile benchi na nembo zake za chale usoni, watu wanamkodolea macho. Ba akatoka nyuma na glasi ya chai. Akamtazama, akaweka chai chini, akamshika kidevu, kisha akachukua mkono wa mama yangu akauweka kwenye kidevu chake mwenyewe. Lugha ya pamoja hawakuwa nayo hata moja. Walicheka mpaka baba yako akaja kuuliza kuna nini. Ndiyo maana mkono wangu hauwezi, Zarna. Nilikuwepo.

Hyasinta

*

Upanga, 9 Mei 2003

Zarna mwanangu,

Mimi mama yako Ranjanben nasema, Hyasinta anaandika. Ningeandika mwenyewe Kigujarati, unajua. Nimetaka Kiswahili kwa sababu huko kwenu hakuna mwingine atakayekisoma, na kwa sababu nataka Hyasinta asikie kila neno ninalokuambia.

Jumapili Akash alikuja na fremu kubwa ya rangi ya dhahabu, amefurahi. "Mama mkubwa, ya Zarna nimeshaituma, nimekutengenezea na wewe yako." Nikatafuta miwani. Nikatazama. Nikamuuliza, huyu ni mama wa nani mmemvalisha sari ya mkwe wangu? Akadhani natania. Nikasema mashine yako imekosea, kidevu hakina kitu. Akasema haijakosea, Zarna ndiye aliyeagiza.

Niliibeba fremu ile mpaka Kariakoo kwa miguu. Nilimuuliza Hyasinta kama alijua, akanyamaza. Mpaka sasa anaandika huku amenyamaza. Kwa hiyo najua ulimfunga mdomo na yeye akaheshimu. Nimemkasirikia kidogo. Wewe nimekukasirikia sana.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumsikia Ba alivyokuwa akisema. Alikuwa akivaa bangili zake anasema, dhahabu hii yote mtanivua siku ya mwisho, lakini hizi za kidevuni hakuna wa kunivua, hizi nakwenda nazo. Na bangili nilizivua mimi, kwa mkono wangu huu. Nukta alikwenda nazo kwenye moto kama alivyosema. Wewe umemvua ukiwa umekaa kwenye kochi.

Duka ni lenu wawili, sitakupangia. Lakini nikifa mimi, picha yangu isipite kwa Akash. Nimeshamwambia Hyasinta anipige kesho, na mikunjo yangu yote, na jino lililotoka. Ukiitaka utaichukua hivyo hivyo.

Mpe Krina busu langu.

Mama yako

(Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Hyasinta.)

*

Leicester, 1 Juni 2003

Dada Hyasinta,

Shikamoo. Barua ya Mama niliisoma nimejifungia chooni. Naye nimemwandikia leo, kwa Kigujarati, na nimemwomba radhi. Wewe nakuandikia la kwako.

Uliniuliza zimenikosea nini, nikakujibu kwa kiburi. Ukweli ni huu. Picha ya Ba nilipoitundika mara ya kwanza niliitundika kama ilivyo. Mama mkwe akaitazama, akasema kwao wanaochanjwa kidevu ni watu wa kuchunga ng'ombe, wageni wakija wataonaje. Parth alikuwa amekaa palepale na gazeti, akageuza ukurasa. Nikaishusha siku ile ile. Niliona aibu, na aibu yenyewe nikaificha nyuma ya habari za programu. Hilo ndilo lote.

Ya Akash ilipofika nikaitundika. Kila asubuhi naweka maua na ubani, na kila asubuhi najiona nambembeleza mama nisiyemjua. Halafu Krina akaniuliza, huyu ndiye Ba uliyekuwa unambonyeza? Maana nimemsimulia kwamba nilikuwa nakaa mapajani kwake nabonyeza zile nukta moja moja, na kila moja Ba anatoa mlio wake: ya kwanza paka, ya pili mbuzi, ya tatu kengele ya duka. Krina akasogeza kiti, akapanda, akatafuta kidevuni pa kubonyeza. Hakupaona. Kashuka, kaenda zake.

Nimeishusha. Ukutani pamebaki msumari. Mama mkwe kauliza picha iko wapi, nimemwambia iko njiani, inakuja na nukta zake, na wageni wasiotaka kuziona wanywe chai jikoni. Parth safari hii aliweka gazeti chini.

Siuzi. Akash nimemwambia kwa simu, kakasirika, na nimemwacha akasirike. Nunua programu, nunua na kompyuta. Sharti lako nalikubali lote. Ya Ba tengeneza wewe; ile ya asili, aliyonirudishia Akash, imo humu bahashani.

Zarna

*

Kariakoo, 14 Julai 2003

Zarna mdogo wangu,

Programu ipo mezani, kompyuta mpya inanguruma, na mimi nimesharudia ujana. Albamu ya Zamzam imepona karibu yote. Uso wa mumewe niliutoa kwenye picha tatu tofauti nikauunga, nikamwita kwanza nikamuuliza, mume wako ni huyu? Akasema sikio la kushoto lilikuwa limekaa nje kidogo. Nikalirudisha nje. Akaondoka nayo kifuani.

Kile kitufe nilimwambia Shaibu, fundi wa kompyuta, akiondoe. Kasema hakiondoki, kinafichika tu. Basi amekificha, na juu ya kioo nimebandika karatasi: ULIZA KWANZA. Picha ya mama yake Pantaleo, ile niliyoipiga mimi, iko dirisha la mbele. Akash alipita juzi akaitazama, kaniamkia, nikaitika. Hayo ndiyo mazungumzo yetu kwa sasa.

Ya Ba ndiyo hii. Mama yako kaiona kwanza, kairuhusu. Rangi aliyopaka baba yako ilikuwa imefifia, na programu hii, nakiri mbele yako, iliivuta kijani kutoka chini mpaka nikashtuka. Sote tunajua nukta tatu. Tazama karibu na mdomo, kuna ya nne. Nilidhani ni uchafu wa karatasi, nikataka kuifuta, nikakumbuka karatasi yangu mwenyewe pale juu. Nikaenda Upanga kuuliza. Mama yako akacheka mpaka akashika ukuta. Anasema ile ya nne, iliyokuja kumezwa na mikunjo, Ba alichanjwa ukubwani, hapa hapa Dar, na mwanamke wa kwao aliyekuwa akikaa Kisutu, siku chache baada ya babu yako kumwambia kwamba mjini hayo mambo yameisha.

Itundike juu.

Hyasinta

*

Leicester, 19 Agosti 2003

Dada Hyasinta,

Shikamoo. Nimeitundika pa kwanza kuonekana mtu akifungua mlango. Krina kapanda kiti, kabonyeza zote, na ya nne kaitafutia mlio mwenyewe. Ni tarumbeta.

Mama mkwe alikaa chini ya picha ile siku nzima. Mimi nikawa tayari, nimejipanga maneno yangu yote. Jioni kaja jikoni kusukuma chapati. Joto lilikuwa la kweli, la Agosti. Akasimama, akavua sweta, akalikunja, akaliweka kwenye kiti.

Dada, mikono yake yote miwili, kutoka kwenye kifundo mpaka kiwiko. Nukta, maua, na nge waliochorwa kwa vimistari. Kijani kile kile. Miaka yote niliyokaa naye sijapata kuiona mikono ya yule mama. Parth kaingia kuchukua maji, akasimama na glasi. Hata yeye mara ya mwisho aliiona akiwa mtoto.

Akasema, "Kwetu tulikuwa na ng'ombe wengi." Akaendelea na chapati.

Baadaye kaniuliza, bila kunitazama, kama yule fundi wenu wa Dar anapiga picha za mikono.

Zarna

*

Kariakoo, 8 Septemba 2003

Zarna,

Marahaba. Mwambie napiga. Mkija Desemba njoo naye, kiti chekundu alichokalia Ba siku ya picha ile bado kipo, na taa nitaziweka mwenyewe.

Mwambie pia kwamba humu hatusafishi kitu mpaka mwenyewe aombe. Na yeye akiomba, nitamuuliza mara ya pili.

Hyasinta